Mlango wa Bwana Hodi

"Adui hapigi hodi." Mmeusikia usemi huo leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua ulikotoka. Basi ulizaliwa hivi.

Zama za vita vikuu, Faki Mcha alikuwa dobi katika kituo cha manowari cha Ras Kigome. Mkuu wa kituo, Mzungu mmoja, watu walimwita Bwana Hodi, maana aliyeingia kwake bila kubisha alirudishwa nje akabishe upya. Tena alikataza king'ora kupigwa bila ruhusa yake.

Jumapili moja asubuhi, Faki alikuwa juu ya paa akianika sare, akaona ndege za adui zikija chinichini kutoka baharini. Melini mabaharia walikuwa wakinywa chai, wengine wakinyolewa. Faki akashuka ngazi mbili mbili, akajitoma chumbani kwa mkuu. Akamkuta anaoga, povu hadi masikioni.

"Bwana, ndege za adui!"

"Umebisha hodi?"

"Bwana, zimefika!"

"Toka nje, ubishe, ungoje nikuitikie."

Faki akatoka. Akainua mkono abishe, mkono ukabaki hewani. Akawakumbuka wale mabaharia na vikombe vyao vya chai.

"Potelea mbali, na nifungwe," akasema. Akakimbilia king'ora, akauzungusha mpini wake mpaka bega likafa ganzi.

Mabaharia wakatimka kuelekea mahandakini, mmoja amenyolewa ndevu upande mmoja tu. Punde mabomu yakaanza kuanguka. Manowari mbili zikazama, lakini hazikuwa na mtu. Kishindo kikang'oa mlango wa mkuu, naye akaja mbio handakini, taulo kiunoni, ndoo kichwani.

Ndege zilipokwisha kwenda, akavua ndoo.

"Nani amepiga king'ora bila ruhusa yangu?"

Faki, aliyejibanza kati ya mabaharia, akasimama.

"Ni mimi, bwana. Nilitaka kungoja uniitikie, lakini wale wa kwenye ndege hawakungoja. Adui hapigi hodi."

Yule wa ndevu nusu akaangua kicheko, na handaki zima likamfuata. Mkuu akawatazama watu wake, mmoja mmoja, wote wazima. Kisha akampa Faki mkono uliojaa povu.

Tangu hapo, Ras Kigome, mtu akiona hatari naye akasita kwa kuogopa wakubwa, huambiwa: piga king'ora, ndugu yangu. Adui hapigi hodi.