Mkono wa Kabatini

Dhiki ya jambo huijua anayeishi nalo, si anayelitazama pembeni akitikisa kichwa. Ndiyo maana wahenga wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ansbert, fundi wa mikono ya bandia huko Mikocheni, aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliiandikia hata insha, akapata alama nzuri. Kuielewa kulimchukua miaka ishirini zaidi.

Mkono aliomtengenezea Bi. Hamisa wa Temeke ulikuwa fahari yake. Ulikuwa na vidole vitano, kucha, hata mishipa iliyochorwa kwa ustadi. Mama huyo alipoteza kiganja cha kushoto kwenye mashine ya kusaga nafaka, na siku ya kwanza alipofika karakanani alieleza haja moja tu.

"Mwanangu, mie sitaki makubwa. Nataka nijifunge kanga mwenyewe. Kila asubuhi nafungwa na Shamimu, mke wa mwanangu. Ni mtoto mwema, hajaninunia hata siku moja. Lakini mkwe akuone maungo kila kukicha! Haya inanimaliza."

Tangu akabidhiwe mkono huo, kila alipokuja ili ukaguliwe alijibu vilevile: "Alhamdulillahi, mzuri mno." Fundi wa watu akavimba kichwa.

Siku moja Ansbert alipita Temeke kumjulia hali bila taarifa. Alimkuta Bi. Hamisa barazani, mkono hana.

"Shikamoo, mama. Mkono uko wapi?"

Bi. Hamisa aliinama. Shamimu ndiye aliyeingia ndani, akautoa kabatini ukiwa umeviringishwa ndani ya kanga mpya, unang'aa kama siku ulipotoka karakanani.

"Anauvaa akija kwako tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, baba," Bi. Hamisa akasema. "Jasho likiingia unawasha kama upupu. Na kanga inateleza vidoleni. Lakini mtu kakupa mkono bure, utaanzaje kumlalamikia?"

Ansbert alitahayari. Nusura akasirike, maana kazi yake aliipenda, lakini angemkasirikia nani? Kesho yake alikunja ngumi ya kushoto, akaifunga kitambaa, akavaa juu yake mkono wa aina ileile. Alikusudia kukaa nao wiki nzima. Siku ya pili akaota malengelenge, kwani joto la Dar es Salaam halina huruma. Siku ya tatu alijaribu kujifunga kanga ya mkewe, Editha, ikaporomoka miguuni mara saba.

Editha alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe siku zote ulikuwa unachonga sanamu!"

Neno hilo lilimuuma kuliko malengelenge.

Mkono wa pili haukuwa na kucha wala mishipa. Ulikuwa mwepesi, una matundu ya kupitisha hewa na soksi ya pamba ya kuvua na kufua. Ulikuwa na dole gumba na vidole viwili tu, ncha zake zimevikwa mpira wa kandambili ili zisiteleze. Kwa sura ulifanana na koleo.

"Leo usinishukuru, mama," Ansbert alimwambia Bi. Hamisa alipompelekea Temeke. "Leo nilalamikie."

Akalalamika kweli! Mkanda unabana, fundi akaulegeza. Kiwiko kinasuguliwa, akapaongezea pamba. Mara ya tatu alipouvaa, Bi. Hamisa alichukua kanga, akaingia chumbani. Shamimu aliinuka kumfuata kama alivyozoea.

"Kaa, mwanangu," sauti ilitoka ndani.

Walikaa. Mlango ulipofunguliwa, Bi. Hamisa alisimama kizingitini, kanga imekaza kifuani, pindo moja limekwenda upande. Shamimu alipiga kigelegele huku machozi yakimtoka.

"Mungu akuzidishie, baba," alisema Bi. Hamisa. "Umenirudishia heshima yangu."

"Mimi ndiye wa kushukuru, mama. Umenifundisha kazi."

Ansbert alirudi Mikocheni na malengelenge yake, moyo mweupe. Sasa hatoi mkono wowote karakanani kabla hajauvaa yeye kwanza, maana hakika kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.