Upinde Mrefu wa Pimbi

Wewe uliyekaa nyuma pale, unayetabasamu hata sijaanza: bisha! Haya, bisha! Sema Pimbi, mnyama anayeenea ndani ya kofia ya baba yako, hawezi kuvuta upinde unaomzidi kimo mara mbili. Umemaliza? Sasa funga mdomo usikilize, maana mimi nikisimulia hata mbu wanaacha kuuma.

Hapo zamani za kale, zamani kweli, siyo hiyo zamani yako ya juzi, Pimbi alikuwa na nyumba kwenye jabali. Nyumba, siyo mchezo! Pango kavu, mlango mwembamba, jiko kwenye kona. Alikaa humo na mkewe, Mama Sikudhani, pamoja na vitoto vyao vichanga.

Masika yakakaribia. Mawingu yakajaa, ngurumo zikaanza: ngurrr! ngurrr! Mara akatokea Nyani. Kifua kama pipa, mikono mirefu mpaka magotini.

"Hodi wenye nyumba! Au niseme hodi nyumbani kwangu?"

"Karibu, Bwana Nyani," Pimbi akajibu. "Nyumba yako ipi tena?"

"Hii hii. Mvua inakuja na mimi sina pa kulala. Fungasha vyombo. Wewe unaenea hata chini ya jani."

"Na watoto wangu?"

"Majani ni mengi."

Pimbi akasimama mlangoni. Akisimama haonekani sana, lakini alisimama. "Sitoki. Huku jabalini ugomvi wa nyumba unaamuliwa kwa mshale. Kesho tuweke tikiti juu ya kisiki, ng'ambo ya korongo. Atakayelipasua, pango ni lake."

Nyani akacheka mpaka akakaa chini. "Haa! Haa! Wewe? Pimbi wewe!"

"Ndiyo, mimi Pimbi. Ulidhani naitwa Tembo?"

Nyani alipoondoka, Mama Sikudhani akamshika mumewe sikio. "Baba Sikudhani, una wazimu? Una mikono ya kushikia upinde wewe?"

"Mikono sina, mke wangu. Lakini nina mwili mzima."

Asubuhi Pimbi na Nyani wakaenda kwa Nungunungu, fundi wa pinde. Fundi huyo mishale hachongi, anajichomolea mgongoni tu: pyu! chukua. Ukutani kulikuwa na pinde mbili za mti wa mkole. Mmoja mfupi, mnene, umekaza kama mdomo wa mwenye kinyongo. Mwingine mrefu, tena ncha zake zimepindwa kuelekea mbele kama pembe za swala. Ncha za namna hiyo ukiachia kamba zinaurusha mshale kama umetukanwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mkubwa achague kwanza, ndiyo desturi ya hapa."

Nyani akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye ule mrefu. Moyo wa Pimbi ukafanya pa! Ule ndio aliokuwa anautaka. Akiukosa, watoto watalala chini ya majani.

Unadhani alilia? Thubutu!

"Vizuri sana, mzee wangu," akasema kwa upole. "Chukua huo huo. Umri nao una haki zake."

Mkono wa Nyani ukaganda hewani. "Umri gani?"

"Si kitu, mzee wangu. Fundi, eti huo mrefu unavutika laini?"

"Laini kabisa," akasema Nungunungu.

"Haubani vidole?"

"Haubani."

"Na mkono ukitetemeka kidogo, kama mikono ya wazee wetu inavyotetemeka, unasamehe?"

"Unasamehe. Huo mfupi ndio hausamehe mtu. Lakini sikilizeni, mwenye mikono mirefu akivuta huo mfu..."

"Kimya!" Nyani akafoka. "Nani anatetemeka? Nani anaomba msamaha kwa mti? Lete huo mfupi! Upinde wa wanaume!"

"Aaa, mzee wangu, utaumia."

"Lete nimesema!"

Akapewa. Pimbi akaubeba ule mrefu begani, ncha moja inachora mchanga nyuma yake, wanyama wote wanamcheka njia nzima. Na mnaona wenyewe hakusema hata neno moja la uongo. Uongo ni wa wavivu.

Wakafika korongoni. Nungunungu akachora mstari, yeye ndiye mwamuzi. Nyani akatunisha kifua. "Sheria iwe hii: mguu ukikanyaga ng'ambo ya mstari, umeshindwa. Na kila mmoja avute mpaka shavuni, nisione mtu anadonoadonoa kamba."

"Nimekubali," akasema Pimbi haraka. Haraka mno, ungekuwa na akili ungeshtuka.

Nyani akaanza. Akavuta. Mwanzo upinde ulikuja vizuri, lakini mikono yake mirefu ilikuwa haijafika hata nusu ya safari. Akazidi kuvuta, nao mti ukazidi kukaza. Kamba ikajikunja kama kona ya kiwiko, ikambana vidole katikati: nya! Jasho likamtiririka. Shavu bado liko mbali!

"Vuta, mzee wangu," Pimbi akamtia moyo. "Upinde wa wanaume huo."

Nyani akauma meno, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kraaa!

Upinde ukakatika vipande viwili. Kimoja kikampiga puani, kingine kikampiga kisogoni. Mshale ukadondoka kwenye kidole chake cha mguu.

"Yalaaa! Mama yangu!"

Zamu ya Pimbi. Akauleta upinde mrefu kwenye mstari, kisha akajilaza chali, miguu juu. Wanyama wakaguna. Akaweka nyayo zake katikati ya upinde, akashika kamba kwa mikono yote miwili, akajinyoosha. Alijinyoosha kutoka unyayo mpaka shavu! Upinde mfupi ungepasuka. Ule mrefu ukaja laini, haubani, haulalamiki.

"Amevuka mstari!" Nyani akapiga kelele, amejishika pua. "Miguu yake imevuka!"

"Imekanyaga wapi?" Pimbi akauliza akiwa chali vilevile.

Nungunungu akainama, akachungulia. "Iko hewani. Na kamba iko shavuni. Piga!"

Fyuuu... PWAA! Tikiti likapasuka, mbegu zikaruka, ndege wakashuka kuokota. Wanyama wakambeba Pimbi juujuu, vigelegele mpaka jabalini. Mvua ilipomwagika, yeye na mkewe na vitoto walikuwa ndani, kavu, wanakula tikiti. Nyani akakaa nje amejitwika jani kichwani.

Kwa hiyo, chagua kifaa kinachoufaa mwili wako, usichague kinachozifaa sifa zako.

Eti? Mwisho? Ndiyo, mwisho. Mbona mnanitazama hivyo?

Haya, haya! Kuna kipande nilikiruka, kwa sababu mimi niko upande wa Pimbi. Alipojilaza chali, mkia wake, mrefu, mzuri, wa manyoya, ulijisokota kwenye kamba, naye hakuona. Alipoachia, mkia ukaenda na mshale. Walioenda kuliangalia tikiti waliukuta juu ya kisiki, unapunga.

Bado mnabisha? Basi nendeni jabalini mkaniletee pimbi mmoja mwenye mkia.