Kishale cha Kurudi Nyuma

Wapendwa, leo nimechoka, na sitaki kuwachosha na ninyi. Kaeni tu, msifungue vitabu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa programu za simu. Aliitengenezea zahanati programu ya akina mama wajawazito: unaingiza neno la siri, unasoma tarehe ya kliniki na habari zako, ukimaliza unabonyeza "Toka". Watu wakamsifu, naye akaendelea na kazi nyingine.

Mama mmoja alikuwa akiitumia kwenye simu ya nyumbani, ile ya watu wote. Siku hiyo akasoma, akabonyeza Toka, akaona ukurasa wa neno la siri umekuja, akampa simu wifi yake, ambaye naye alikuwa mjamzito. Wifi, kabla hajaandika chochote, akabonyeza kile kishale cha kurudi nyuma. Mara moja tu. Ukafunguka ukurasa wa yule mama: "Ujauzito wa pili. Wa kwanza, mtoto alifariki." Na nyumba nzima ilijua huu ndio wa kwanza! Mumewe peke yake ndiye aliyeambiwa kabla ya ndoa, na akayamaliza. Kufikia alasiri ukoo umeshakaa kikao.

Mama akamwendea fundi.

"Kaka, mimi nilitoka. Nilibonyeza Toka kwa kidole changu."

"Ulitoka, dada. Ila kurasa ulizopitia zilibaki chini, zimepandana. Ule wa neno la siri ulikuja kuzifunika tu."

"Ulikuwa unajua?"

Fundi akainama. "Nilijua. Nikasema nitakuja kuzifuta siku moja. Ni kazi ya mstari mmoja."

"Mstari mmoja," akasema mama, "na mimi nimerudishwa kwetu."

Nawasikia mnasonya. Mmemkasirikia fundi, sivyo? Hata mimi. Lakini sisi, tunapomwambia mtu "nimekusamehe", huwa tumefuta nini? Si tunaweka tabasamu juu, na chini yake kila kitu kipo, kinangoja mtu aguse?

Dada mmoja alitubu hapa mbele mwaka jana. Nilimwekea mkono kichwani, nikasema yamekwisha, nanyi mkaitikia amina. Alhamisi iliyopita, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, jina lake likatajwa ili aongoze kwaya. Mimi nikakohoa, nikasema, "Huyu tunamjua." Basi. Wakahamia jina lingine, na hakuna aliyeuliza tunamjua kwa lipi.

Leo hayupo. Tazameni wenyewe pale kwenye kwaya, mstari wa pili. Wapendwa, nimechoka kuhubiri msamaha ambao mimi mwenyewe sijautoa. Sisi wote tuliokaa kikao kile, ibada ikiisha tusikimbilie chakula, twende kwake kwa miguu. Na tukifika, msinishike mkono kuniinua. Niacheni nipige magoti.