Jina Moja Kabla Taa Haijazimika

Saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumamosi, mtangazaji wa kipindi cha Kizimba cha Jirani alimwomba Kocha Mwanakombo ataje jina moja. Kocha hakujibu. Mtangazaji akarudia swali, safari hii akitabasamu. Jina halikutoka, na mwongozaji wa kipindi akaamuru yapigwe matangazo ya biashara.

Sabuni ya unga ikawa inasifiwa kwenye televisheni za nchi mbili, na Mwanakombo akabaki amesimama kando ya kizimba, ule uwanja wa uzio wa wavu ambamo hupiganwa kwa ngumi, mateke na kukabana, taulo begani. Timu yake ya Tanzania ilikuwa imeishinda Kenya mapambano mawili kwa moja. Zawadi ilikuwa kiti kimoja: mwaka mzima wa mazoezi katika kambi ya wapiganaji huko Thailand, na baada ya hapo mkataba wa kupigana. Waliotunga kanuni za kipindi walitaka watazamaji wasibanduke. Kocha wa timu iliyoshinda hutaja mpiganaji mmoja, hewani, kwa kinywa chake mwenyewe. Kiti hakigawanywi. Taa ya kamera ikizimika mwisho wa kipindi kabla jina halijatajwa, kiti kinahamia kwa walioshindwa.

Wapiganaji wake walikuwa watatu, wote wanawake, nao walikaa kwenye benchi moja mbele yake. Kabla hujamlaumu kocha kwa ulimi mzito, wajue kwanza hao watatu.

Somoe alitoka Lindi. Kipaji chake kilikuwa kuvumilia. Waliocheza naye walisema maumivu humfikia yakiwa yamechelewa, kama mgeni aliyepotea njia.

Aikande alitoka Machame. Kipaji chake kilikuwa kuiga. Alimtazama mtu akipita mara mbili, na mara ya tatu angeweza kupita yeye badala yake. Wiki ya kwanza ya mashindano alimwigiza mtangazaji anavyonyanyua nyusi kabla ya kuuliza swali, na Wakenya wenyewe walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nyamizi alitoka Tabora. Huyu alijua kusubiri. Hakuwa na ngumi nzito wala miguu myepesi. Alikuwa na pumzi, na hakuwa na haraka. Mpinzani wake mmoja wa zamani alilalamika kwamba kupigana na Nyamizi ni sawa na kupanga foleni.

Timu zote mbili zilikaa nyumba moja karibu na Naivasha, Kenya. Vyumba vilikuwa mbalimbali, jiko lilikuwa moja, na kamera zilikuwa kila mahali isipokuwa chooni. Wakenya waliwacheka Watanzania kwa kusema "naomba" hata kwa chumvi. Watanzania wakajibu kwamba Wakenya wanaitisha chumvi kama polisi anavyoitisha kitambulisho. Asubuhi moja Nafula, nyota wa Kenya, alimuuliza Nyamizi mezani:

"Mkinipiga huko ndani, mtaniambia samahani?"

"Tutakuambia pole," Nyamizi akamjibu. "Samahani ni ya mwenye kosa, dada."

Lakini utani haukumpa kocha usingizi. Nafula alikuwa mashoto. Ngumi yake ya kushoto ilitoka mahali ambapo jicho la mpinzani halikuwa limezoea kutazama, na tangu aanze kupigana hakuna aliyeipatia dawa. Kocha Mwanakombo alielewa mapema kwamba atakayempata Nafula bila kujiandaa hatarudi na kitu. Ndipo alipomwita Aikande pembeni na kumwambia awe Nafula, ili Nyamizi apate wa kufanya naye mazoezi.

Aikande akageuza kila kitu. Alipiga kwa kushoto, akatanguliza mguu wa kulia, akafungua milango na kupiga mswaki kwa kushoto. Mkono wake ulipoendelea kuwa mgeni, kocha akamwomba jambo lililomwia zito kulitamka. Mwanakombo alizaliwa Makunduchi, Unguja, katika nyumba ya mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Kwetu mkono huo haugusi chakula," alisema. "Lakini nakuomba, mwanangu. Ule kwa huo."

Kipindi kikaonyesha Aikande akila wali kwa mkono wa kushoto. Bibi yake akapiga simu kutoka Machame, akataka aongee na mkubwa wa hapo. Alimuuliza kocha wamemfundisha nini mjukuu wake, akasema mashindano yataisha lakini chakula kitabaki na heshima yake. Kocha aliomba radhi, akaagana naye vizuri. Jioni ile akamtazama Aikande akila tena kwa kushoto, asimzuie.

Hivyo kila siku Nyamizi alipigana na Nafula ambaye hakuwa Nafula. Mwanzoni alipigwa kila mara. Baadaye akaanza kuona kwamba kabla ngumi haijatoka, bega la kushoto hushuka kidogo, kama mtu anayetua ndoo.

Ikafika wiki ya mapambano. Kanuni nyingine ilisema hivi: timu iliyoshinda pambano ndiyo inayopanga nani akutane na nani katika pambano linalofuata. Shilingi ilirushwa, Kenya ikapata kupanga la kwanza. Wakamweka Mwende wao, fundi wa kukunja viungo, akutane na Somoe. Mpango wao hawakuuficha. Mwende akishinda, watamweka Nafula akutane na Aikande, ambaye kila mtu ndani ya nyumba alijua hapigani tena kwa mtindo wake. Kenya ingekuwa na mawili kwa sifuri, na Nyamizi asingekanyaga kizimba kabisa.

Raundi ya pili Mwende aliukamata mkono wa kulia wa Somoe, akauweka katikati ya mapaja yake na kuanza kuunyoosha kupita mwisho wake. Mwamuzi akainama na kumuuliza Somoe kama anakubali kushindwa. Somoe akatikisa kichwa kukataa. Kocha alikuwa na taulo mkononi, na taulo likitupwa ndani pambano limekwisha. Akalinyanyua. Somoe, shavu likiwa chini kwenye mkeka, akaliona.

"Kocha, acha," alisema.

Kocha akaacha. Kikasikika kitu kikilia ndani ya mkono, na waliokaa viti vya mbele wakageuza nyuso. Mwende naye alishtuka, akalegeza kidogo. Kidogo hicho kilimtosha Somoe kugeuka, kupandisha miguu na kumkaba shingo kwa mapaja. Mwende akagonga mkeka kwa kiganja, ishara ya kukubali kushindwa. Tanzania moja, Kenya sifuri.

Daktari alikuta ufa kwenye mfupa, karibu na kiwiko. Alisema utaunga. Alipoulizwa kama mkono utanyooka sawasawa, na kama utakuwa tayari kambi itakapofunguliwa, alisema hawezi kuahidi, na hakuahidi.

Sasa zamu ya kupanga ilikuwa ya Mwanakombo. Akamweka Nyamizi akiba kwa ajili ya Nafula, na kumpangia Aikande akutane na Jebet, Mkenya wa tatu, mwenye ngumi moja nzuri ya kulia inayokwenda moja kwa moja. Alimwambia Aikande amsahau Nafula, arudi kuwa Aikande. Raundi ya kwanza alirudi. Alipiga kwa mikono yake mwenyewe, akaongoza. Raundi ya pili akapata kipigo kimoja kichwani, na mwili ukakimbilia mahali ulipokuwa umezoea kwa majuma yale yote: mguu wa kulia ukatangulia, bega la kushoto likashuka. Kwa mtu aliyesimama hivyo, ngumi ya kulia iliyonyooka ina njia nyeupe. Ya Jebet ikapita mara moja, ikapita tena. Ya tatu ilimwangusha.

Chumbani, akiwa na barafu kwenye taya, Aikande alimwambia kocha maneno machache.

"Sikujua ile miguu ni ya nani."

Tanzania moja, Kenya moja. Likabaki pambano la tatu, Nafula na Nyamizi, Jumamosi ile alasiri.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Nafula. Ngumi ya kushoto ilimchana Nyamizi juu ya nyusi, na damu ikamwingia jichoni. Kwenye kona kocha alimfuta, akamkandamiza kwa barafu, akamuuliza kama anamwona mwenzake.

"Namwona," Nyamizi akasema. "Ni Aikande, ila huyu hacheki."

Raundi ya pili ilienda huku na huku. Ya tatu Nafula alianza kuchoka kumfukuza mtu asiyekimbia wala asiyekuja. Akajikusanya atoe ngumi ya kumaliza. Bega likashuka. Nyamizi akapita chini ya ngumi ambayo ingemtoa ulimwenguni kama angekosea hata upana wa kidole, akashika miguu yote miwili, akamwangusha, akamlalia, na hakumwachia mpaka kengele. Majaji wawili kati ya watatu walimpa ushindi.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Sasa turudi kwenye matangazo ya biashara, kwa maana sabuni ilikuwa imekwisha na ilikuwa zamu ya mafuta ya kupikia.

Mwanakombo alisogea hadi kwenye benchi. Akamuuliza Somoe kama mkono unauma. Somoe akasema unauma.

"Ila usinitaje kwa sababu ya mkono, kocha," akaongeza. "Wala usiniache kwa sababu ya mkono."

Aikande alikuwa ameshika pamba juu ya jicho la Nyamizi. Aliongea bila kuiondoa.

"Mimi hapa nimepigana mara moja na nimeshindwa. Rekodi itasema hivyo hata nikizeeka, haitasema kwa nini. Huko kambini labda yuko atakayenirudishia miguu yangu. Nyumbani sijui nani."

Nyamizi alisubiri zamu yake, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hawa wamenifikisha mlangoni, sikatai," alisema mwishowe. "Lakini mlango ulipofungwa nilibaki na Nafula. Nikitajwa nitakwenda, kocha. Nisikudanganye."

Hakuna aliyemkasirikia. Aikande aliendelea kushika pamba.

Kocha Musyimi wa Kenya akapita karibu, mikono mfukoni. Alimwambia Mwanakombo kwamba kama jina limekataa kutoka, asijitese, wao hawana aibu, watapokea.

"Nafula ashaanza kupanga nguo, mama."

Nafula aliyekuwa nyuma yake, kitambaa cha barafu shingoni, akasema yeye hataki kiti cha kuokota.

"Ukipewa utakikalia," Musyimi akamwambia. "Nani ameulizwa kama anataka?"

Wakaondoka wakibishana. Mwanakombo aliona kwamba Musyimi alitania nusu tu. Kiti kile kingeweza kuondoka nchini mwake kwa sababu yeye ameshindwa kutamka neno moja.

Akajaribu kupima. Akimtaja Somoe, huenda kiti kikakaliwa na mkono usionyooka, na yeye mwenyewe hatajua kama ametoa zawadi au amelipia taulo ambalo hakulitupa. Lakini bila Somoe, Nyamizi angekuwa mtazamaji. Akimtaja Aikande, watu wataona aliyeshindwa anapanda ndege na mshindi anabaki na jicho lililovimba. Lakini bila Aikande, Nyamizi asingelijua lile bega, na bila kazi hiyo Aikande mwenyewe asingeanguka kwa Jebet. Akimtaja Nyamizi, hakuna atakayeuliza swali. Lakini mwakani atakapomwita mpiganaji mwingine pembeni na kumwomba awe mtu mwingine kwa faida ya mwenzake, huyo atakumbuka Aikande alipata nini. Na hata hivyo, kujua ngumi inatoka wapi ni jambo moja, kupita chini yake ni jambo jingine, na aliyepita ni Nyamizi peke yake.

Kila jina alilolishika lilikuwa na haki, na kila haki iliwadhulumu wawili. Akalikunja taulo, akalirudisha begani.

Kijana wa kamera alinyanyua vidole, akaanza kuvikunja kimoja kimoja. Mtangazaji akamkabidhi kocha kipaza sauti, akasema wamerudi hewani na kwamba safari hii hakuna matangazo ya kumwokoa. Watu wakacheka. Kwenye benchi hakuna aliyecheka.

Taa nyekundu ikawaka. Wale watatu walikaa bega kwa bega wakimtazama, Somoe kulia, Aikande katikati, Nyamizi kushoto. Kocha Mwanakombo alisogeza kipaza sauti mdomoni na kuvuta pumzi.

Habari ya hakika inakomea hapo. Haya, nanyi mliosikiliza, chukueni kipaza sauti, taa bado inawaka: wewe ungemtaja nani, na wale wawili ungewaambia nini?