Nani Avute King'ora cha Kwemsala

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa watu watatu. Mwisho wa hadithi mtanirudishia mmoja tu.

Wa kwanza ni Singano, fundi wa mitambo, aliyejaliwa sikio. Akisimama karibu na mashine hujua kitakachovunjika kabla hakijavunjika. Wa pili ni Bi Zuhura, mkulima wa mkonge, aliyejaliwa subira ya kupanda leo na kungoja miaka. Wa tatu ni Tekla, afisa biashara wa wilaya, aliyejaliwa ung'ang'anizi. Ukimfungia mlango atakungoja nje mpaka utoke kununua mkate.

Yupo na wa nne, Hidaya, msimamizi wa zamu, ambaye hakujaliwa lolote kati ya hayo ila balaa la kuaminiwa na kila mtu. Yeye ndiye aliyetakiwa kuamua, na siku ile ya kuamua alitamani aumwe angalau malaria ndogo.

Kwemsala ulikuwa mji wa kiwanda cha magunia ya mkonge. Kiwanda kilikuwa na king'ora, na king'ora kilikuwa na jina. Mtu wa kwanza kukivuta, zamani hizo, aliitwa Mbwego, basi mji mzima ukakiita hivyo hivyo. Mbwego ameita, watoto wanakwenda shule. Mbwego wa pili, sufuria inapanda jikoni. Hata wachumba waliahidiana kuonana "baada ya Mbwego wa jioni," na hakuna aliyekosea saa.

Kisha magunia ya plastiki yakaja kutoka nje kwa bei ya kutupa, na kiwanda kikafungwa. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mbaruku, mume wa Hidaya, akaenda mjini kubeba zege, akawa anarudi Idi hadi Idi kama mgeni, na mtoto wao mdogo alikuwa akimwamkia kwa aibu. Hilo Hidaya hakumlalamikia mtu, lakini lilimuuma.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya kila mmoja.

Kiwanda kilipofungwa, wezi wa chuma chakavu walianza kuingia. Singano alijua kwamba mashine za kufuma haziwezi kwenda bila gia zake kubwa, na gia hizo hazitengenezwi tena popote. Akazifungua, akazipaka grisi, akazivika matambara na kuzifukia chini ya banda la mbuzi wake. Mtu akamwona akipita na toroli, habari zikaenea. Singano mwizi. Angejitetea kwa kusema zilipo, wezi wa kweli wangekuja kuzifukua, kwa hiyo akanyamaza. Posa ya binti yake ikavunjwa, naye bado akanyamaza, huku mbuzi wakilala juu ya siri yake.

Bei ya mkonge ilipoanguka, watu waling'oa wakapanda mahindi. Bi Zuhura alikataa kung'oa. Shemeji zake walikuja na trekta, akakaa chini mbele ya trekta na kuanza kuchambua mchicha. Wakamwita Bi Miba. Aliuza kuni, aliuza mbuzi, wajukuu zake wakahamia mjini kwa kukosa karo, na shamba lake likabaki lenyewe la kijani kibichi katikati ya mabua. Kila mwaka alitenga miche pembeni, akisema ni ya majirani watakapopata akili. Majirani walicheka, nami ningekuwapo ningecheka nao.

Siku moja serikali ikatangaza neno. Atakayefufua kiwanda kilichokufa atasamehewa kodi ya mitambo na vipuri kwa miaka kadhaa, na maghala ya nafaka ya serikali yatanunua magunia yake kwanza. Masharti yalikuwa matatu: wafanyakazi wawe wa hapo hapo, malighafi iwe ya nchini, na mashine ziwe zinafanya kazi kabla ya mavuno. Tangazo lilibandikwa ukutani na mbuzi akala nusu yake. Tekla alisoma nusu iliyobaki, akaenda kuitafuta nyingine.

Mwenye kiwanda alikuwa akiishi mjini na alikwisha kupatana na wanunuzi wa chuma. Hakutaka kumwona afisa yeyote. Tekla akasikia bwana huyo anamwoza binti yake. Akafunga leso kichwani, akaingia uani kwa wapishi na kuomba kisu. Nani amfukuze mtu anayemenya vitunguu vya pilau? Alimenya gunia zima. Jioni mwenye shughuli alipokuja kuwashukuru akina mama, akamkuta mgeni amelowa machozi.

"Mama, nani amekuliza?"

"Vitunguu, baba. Na kiwanda chako. Nipe muda wa kunywa chai tu nikueleze."

Chai ilinywewa, ikarudiwa. Asubuhi wanunuzi wa chuma waliambiwa warudi na lori lao tupu. Tekla akapeleka maombi, yakarudishwa, akayapeleka tena, mpaka msamaha ukatoka.

Hapo ndipo Singano alipohamisha mbuzi. Hapo ndipo Bi Zuhura alipoagiza wakataji waingie shambani, na majirani wakaja kuomba miche kwa sauti za chini. Bila gia, msamaha ungesamehe kutu. Bila mkonge, gia zingesaga upepo. Na bila msamaha, gia zingebaki kwa mbuzi na mkonge ungemzeekea mwenyewe.

Mbaruku alirudi na begi lake, safari hii bila kuuliza gari la kurudia. Hidaya alipomwona mtoto wao amelala kifuani kwa baba yake, alitoka nje akamshukuru Mungu, akawashukuru na wale watatu kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine.

Lakini Mbwego alikuwa amekwisha kufariki, na watu wa Kwemsala hawamwamshi marehemu aje kazini. King'ora kilitaka jina jipya, jina la mkono utakaokivuta kwanza. Asubuhi ya kufungua, mji ulijaa uwanjani. Kwanza walimwomba mkuu wa wilaya avute.

"Mimi sistahili," akasema. "Kodi iliyosamehewa ni yenu. Mmekubali isikusanywe ili mpate kazi. Chagueni mtu wenu."

Wafanyakazi wakasema Hidaya achague. Akawaita wale watatu mbele.

"Mnanipa mzigo jamani," akasema. "Nawashukuru wote sawasawa, sasa nitakataje shauri? Mngevuta pamoja?"

Bibi mmoja muuza vitumbua akadakia, "Ndiyo tuseme Singano-Zuhura-Tekla ameita? Mtoto atakuwa amechelewa shule kabla sijamaliza kulitamka."

Watu wakacheka. Hidaya akawageukia. "Basi semeni wenyewe."

"Mimi nalitaka, Hidaya, sitakudanganya," akasema Singano. "Jina langu lilimvunjia binti yangu posa. Nataka litajwe kila asubuhi, na nyuma yake lisifuate neno mwizi."

Bi Zuhura akasema, "Mwanangu, mimi hilo la Bi Miba nimelizoea. Ila wajukuu zangu wanadhani huku kwetu hakuna cha kurudia. Wakisikia bibi yao ndiye anayeamsha mji, huenda wakaja."

Tekla aliangalia viatu vyake. "Mimi kwaheri zangu nimekwisha kuwapa jana. Nimehamishwa, kesho naondoka. Bi Zuhura na fundi watakuwa hapa, mtawaona kila siku na kuwasalimia. Mimi kila wilaya ninayotoka nasahauliwa kabla vumbi la gari halijatua. Hapa tu ndipo ningependa nikumbukwe."

Hidaya alitazama umati, akamwona Mbaruku amevaa ovaroli mpya kwenye mstari wa wanaoingia zamu, mtoto amemkalia mabegani. Angempa Singano, angemrudishia mtu heshima. Angempa Bi Zuhura, huenda nyumba nyingine ingejaa watu kama yake ilivyojaa. Angempa Tekla, mji ungemshukuru mtu asiyekuwa na njia nyingine ya kushukuriwa. Na mtu mmoja akipewa, wawili watarudi nyumbani wakitabasamu kwa adabu.

Mvuke wa king'ora ulikuwa tayari. Hidaya akaushika mkono wa mmoja wao, akauweka kwenye kamba.

Nami naishia hapo, maana mkono ule sikuambiwa ulikuwa wa nani. Je, wewe ungeamua vipi? Usinijibu haraka, umfikirie kwanza utakayemwacha. Kesho kukicha, mtoto wa Kwemsala akijifunika shuka na kukataa kutoka kitandani, mama yake amwambie nani ameshaita?