Kizibo cha Nakiete na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni karibu, na anayesinzia asije akaniuliza mwisho.

Huko Mbweko, juu milimani Upare, walikuwako watu watatu wenye vipaji. Mbonea alikuwa na sikio: gari likipita barabarani, yeye yuko chooni, atakwambia linaumwa nini. Mkwizu alikuwa na mkono: chuma alichokichomelea hakikuachana tena, si kama ndoa zake. Na Nakiete, mwanamke mchonga miiko na vinu, alikuwa na jicho: akitazama tundu mara moja, huchonga kizibo chake bila kupima.

Nakiete alizaa mara mbili, akazika mara mbili. Hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Hakumwambia mtu kwamba linamuuma, lakini Mbweko haina siri.

Gari lilikuwa moja tu, la Mzee Senkoro, nalo la fowili, linavuta kwa magurudumu yote manne. Mkamwana wake alikuwa na mimba ya miezi tisa, mtoto kakingama tumboni, daktari wa bondeni keshasema huyo ni wa kupasuliwa. Ndipo magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka.

Mzee akaapa mbele ya watu: "Atakayeliwezesha gari hili kufika hospitali, yeye, mtu mmoja, ndiye atakayempa mjukuu wangu jina!"

Mbonea akatega sikio. "Difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, imekufa. Nyingine ni mpaka mjini, wiki mbili. Tuliache livute kwa miguu ya mbele tu." Akalala chini, akang'oa ekseli za nyuma na propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma. Magurudumu yakalegea. Akawasha. Gari likanguruma, lisiende hata hatua.

"Umelihasi, Mbonea!" watu wakacheka.

Mkwizu akasema, "Ndani ya gia boksi kuna meno yanayogawa nguvu, huku mbele, huku nyuma. Nyuma sasa hakuna mzigo, nguvu zote zinakimbilia huko bure." Akafungua, akayachomelea yale meno yakawa kitu kimoja. Gari likavuta! Vigelegele vikaanza, vikakatikia kooni. Pale ilipochomekwa propela palibaki tundu, na oili ikabubujika kama damu ya mbuzi.

"Nusu ya mteremko halifiki," akasema Mbonea.

Nakiete akachutama, akalitazama lile tundu. Akachonga kizibo cha mpingo, akakivika mpira wa tairi, akakigongelea kwa mchi, akakifunga kwa waya. Oili ikakoma.

Wakafika hospitali. Akazaliwa msichana, akalia kama honi.

Siku ya thelathini na tisa wakakutana uani kwa Mzee, gari liko pale pale.

"Nani aliyejua ugonjwa?" akasema Mbonea. "Ataitwa kwa jina la mama yangu."

"Ukaujua, ukamuua mgonjwa!" akadakia Mkwizu. "Aliyemfufua ni mimi. Ataitwa kwa jina la mama yangu."

"Ataitwa Nakiete," akasema Nakiete.

Mzee akacheka. "Nakiete, wewe si uliziba tundu tu?"

Wakacheka wote, hata Mkwizu aliyeoa mara nne.

Damu ikampanda Nakiete kichwani. Tundu tu! Wanaume wawili wameshindwa na tundu, leo wanacheka! Akajifunga khanga kiunoni, akaingia chini ya gari, akakishika kizibo.

"Haya, nauchukua mti wangu. Si ni tundu tu? Kaliendesheni!"

Kicheko kikafa.

"Dada Nakiete, taratibu!" akasema Mkwizu.

"Akichomoa chake, nami narudisha propela yangu, magurudumu yagome tena!" akafoka Mbonea.

"Nami nayakata yale meno!" akajibu Mkwizu.

Mzazi akatoka ndani, mtoto begani. "Yeyote kati yenu angekiondoa chake siku ile, mimi na huyu tungezikwa pamoja. Baba, amua basi. Kesho ndiyo arobaini, siku ya jina."

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Aliapa mtu mmoja, na kiapo hakirudi mdomoni. Chini ya gari, Nakiete bado hajakiachia kizibo.

Haya, nyinyi mliokula ugali wangu mkanyamaza: sikio, mkono, au jicho? Je, wewe ungeamua vipi?