Maneno ya Kumvusha Inasi

Hapo zamani, huko mashariki ya mbali ambako jua huchomoza sisi bado tumelala, palikuwa na kisiwa kiitwacho Hanuve. Kisiwa chenyewe kidogo: ukianza kukizunguka asubuhi na shelisheli la kuchoma mkononi, unarudi ulipoanzia kabla njaa haijakushika. Lakini kilikuwa na lugha tatu: Kilomai, Kituvasi na Kiarenga. Lugha ndugu hizo, tumbo moja. Mtu wa Lomai akizungumza na mtu wa Arenga, nusu waliisikia, nusu wakabahatisha.

Desturi ya Hanuve ni kwamba mtoto huchukua lugha ya aliyemnyonyesha. Ndiyo maana Tamoa na dada yake Inasi, baba mmoja mama mmoja, walikuwa na lugha mbili. Tamoa alipozaliwa mama yao aliugua, shangazi wa Tuvasi akamchukua na kumnyonyesha. Akakua na Kituvasi. Inasi alibaki Arenga na lugha ya mama. Miaka sitini walipendana hivyo, kwa nusu ya maneno.

Kisha ndui ikaingia Arenga ikafagia kijiji. Inasi na mumewe Kavelo wakahamia Lomai, wakazaa binti mmoja, Malua. Kavelo akafa. Inasi akabaki peke yake na lugha yake, na shamba la magimbi lenye chemchemi.

Sasa na Inasi akafa.

Tamoa alilia, lakini hata kilio chenyewe hakikukaa vizuri, kwa sababu alikuwa na hofu. Hanuve maiti hazikwi kimya. Huvushwa kwa maneno ya lugha yake, tangu la kwanza hadi la mwisho, jua halijazama. Asipovushwa hubaki njiani, na jina lake halipewi mtoto tena. Anayemvusha hupewa muo wake, ule mti wenye ncha wa kuchimbia magimbi. Akishika muo, shamba na chemchemi ni vyake, na ni juu yake kulea mtoto mmoja katika lugha ya marehemu. Muo hushikwa na mtu mmoja tu. Anayeukabidhi ni ndugu wa marehemu, siku ileile. Yaani Tamoa, maskini wa Mungu.

“Nani anajua maneno ya kumvusha dada yangu?” akauliza kaburini.

Akajitokeza Sopi, mwosha maiti, mtoto wake mchanga mgongoni. “Mimi ninayo, mzee Tamoa. Inasi alipomvusha mumewe nilisimama hapo. Neno likishaingia sikio langu halitoki. Maana yake siijui, lakini maneno ninayo.”

“Sema, mwanangu.”

Sopi akasema. Alisema vizuri, wazee wakaanza kufuta machozi. Alikuwa amefika katikati, Malua akapiga ukelele.

“Nyamaza! Huyo unayemvusha ni baba! Baba alishavuka zamani!”

Ndugu zangu, hapo ndipo pilikapilika zilipoanza. Katikati ya maneno hayo pana mahali pa kutaja matendo ya marehemu, na kila marehemu ana yake. Sopi wa watu hakujua. Alikuwa akimsifu Inasi kwa kuchonga mitumbwi saba na kumwoa binti wa Arenga! Tamoa alikuwa amesikia neno “mitumbwi”, akadhani labda dada yake alichonga mitumbwi naye hakuambiwa.

“Basi taja wewe matendo ya mama yako,” akamwambia Malua.

Malua akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alipokuwa mdogo watoto wa Lomai walimcheka, akaapa hatasema Kiarenga, na kweli hakusema. Kila neno alilielewa. Ulimi ndio haukujua njia.

“Mjomba, siwezi,” akasema, akilia. “Nayajua, lakini siwezi.”

Ndipo akasogea Ruveni, mgeni wa kisiwa kingine, aliyekuja kununua nguruwe akakaa miaka minne. Jioni baada ya jioni alikuwa mlangoni kwa Inasi, akijifunza Kiarenga hata akakiongea kama maji. Maneno ya kuvusha hakuyajua, maana hayo hayafundishwi, husikika makaburini tu.

“Sema kwa Kilomai, dada,” akamwambia Malua. “Mimi nitayageuza.”

Malua akasema: “Alijenga ukingo wa chemchemi kwa mikono yake.” Ruveni akageuza. “Alilisha yatima wawili wa Lomai.” Ruveni akageuza. “Alinisemesha kila siku kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa lugha ya jirani.” Ruveni akasita, akamtazama. Kisha akageuza. Sopi akadakia pale mwisho, akafunga. Inasi akavuka.

Tamoa akainua muo. Mikono mitatu ikanyooka.

“Ni wangu,” akasema Sopi. “Maneno ya kwanza na ya mwisho ni yangu. Na nina mtoto anayenyonya. Nitamwimbia Kiarenga tangu leo.”

“Utamwimbia usichokijua?” akasema Malua. “Bila mimi ungempeleka baba mara ya pili, mama akaachwa njiani. Mimi ndiye niliyenyonya lugha hii. Nina mimba ya miezi saba, mjomba. Ulimi wangu mzito, lakini nitaulazimisha.”

“Baba,” akasema Ruveni, “hawa walikuwa na lugha hii jirani, bure, wakaiacha. Mimi niliitafuta. Leo hapa duniani ni mimi peke yangu ninayeweza kumwambia mtu habari za asubuhi kwa Kiarenga naye akijibu nikamwelewa. Ziwa la kunyonyesha sina, mke sina. Nipeni mtoto nimlee.”

Tamoa akamtazama Sopi, akaona ana haki. Akamtazama Malua, akaona ana haki, na ni damu yake. Akamtazama Ruveni, akaona ana haki, na kichwa kikamzunguka. Alitamani kumwuliza Inasi. Lakini hata kama Inasi angejibu, Tamoa angeambulia nusu.

“Jua linakwenda, mzee,” mtu akasema nyuma.

Na ninyi mlioketi hapa mkitikisa vichwa kana kwamba jambo ni jepesi, shikeni ule muo. Mwenye maneno asiyejua maana, mwenye maana asiyeweza kusema, au mwenye vyote viwili asiyezaliwa navyo: je, nani alistahili?